Baraza Lisilochorwa

Asubuhi ya kumzika, mume wangu na dada yake waliniletea daftari na kalamu. Zamani niliwahi kutuma habari za mafuriko na mavuno kwenye redio ya mjini Kyela, kwa hiyo familia iliona mimi ndiye wa kuandika wasifu wa marehemu. Nikawauliza: mnataka mkwe aandike wasifu wa baba wa mumewe? Wakatazamana. Jina lake sikuwahi kulitamka hata mara moja. Uso wake, katika miaka kumi na minne ya kuishi uwanja mmoja, sidhani kama niliuona kwa jumla ya dakika tano. Mwishowe wakaandika wenyewe: alizaliwa wapi, kwa nani, ukoo gani, ameacha wajukuu wangapi. Ukasomwa, watu wakaitikia. Ninayoandika hapa ni yale yaliyobaki.

Kwa asiyejua: kwetu Unyakyusa mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani. Mzee akija njiani, mwanamke anatoka njiani. Haketi pale alipoketi, hampi chakula mkononi, hamsemeshi, na jina lake halitaji. Siku hizi wengi wamelegeza. Wapo wakwe wanaopanda bajaji moja kwenda mjini na hakuna anayegeuka kuwaangalia. Mwalimu, nami nitamwita hivyo kama kila mtu kijijini Makwale alivyomwita, hakulegeza. Wiki niliyoolewa alihama nyumba kubwa aliyoijenga kwa mikono yake, akahamia kibanda kilichokuwa cha kuhifadhia kakao, ng'ambo ya migomba. Kabla ya kukata kona yoyote alikohoa mara mbili. Nikikisikia kikohozi, nilijitupa katikati ya mikakao nikainama mpaka hatua zipite. Ndiyo maana namjua kwa kikohozi, kwa mburuzo wa makubazi ya tairi, na kwa mgongo wa koti la kijivu ambalo alilivaa hata katika joto la Novemba, wakati mbuzi wenyewe wanatafuta pa kujificha.

Sikumwogopa. Hilo nalo liandikwe. Alinikera.

Alikuwa mwalimu wa michoro, amestaafu kabla sijafika pale. Wanafunzi wake wa zamani wanasema aliwapiga marufuku kuchora mstari bila rula. Yeye mwenyewe rula aliitumia kujikuna mgongo na kupigia mistari ya daftari la mahudhurio, basi. Kanisani alikemea watu wanaochelewa, halafu akafika baada ya somo la pili. Alilalamika kwamba vijana wanaharibu vitu, na huku kisu changu cha kumenyea ndizi, chenye mpini wa mninga, alikichukua jikoni siku moja nikiwa shambani akawa anapakia rangi. Nilikiona kwa mbali, kina buluu mpaka kwenye mpini. Ungefanyaje? Siwezi kwenda kukidai.

Hapo ndipo nilipoanza kuongea na kuku.

Nilikuwa na kuku mmoja wa madoadoa, mzee, asiyetaga na asiyekubali kufa. Nikamwambia, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya migomba: "Wewe kuku, kuna mtu kachukua kisu cha watu. Ndizi leo zitamenywa kwa meno?"

Kisha sauti ikatoka kibandani. Mwalimu alikuwa na mbwa aliyemwita Mkaguzi, kwa kuwa, kama alivyoeleza, alikuja bila taarifa, akala, akaondoka bila kuandika ripoti.

"Mkaguzi," alisema, "waambie kisu kiko kazini."

Tukaendelea hivyo kwa miaka. Wifi yangu, anayekaa shamba la jirani, alikuwa akipita na kusimama katikati akicheka. "Nyie wawili mtamtia huyo mbwa wazimu," alisema. "Kuku wala simhofii, huyo ameshazoea."

Sasa nieleze jambo lenyewe, yaani nyumba.

Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, mabati yaliyowahi kuwa mekundu, baraza pana mbele, na chini ukuta umepakwa udongo wa rangi kama bibi zetu walivyopaka. Nyuma yake migomba na mikakao, mbele mashamba ya mpunga, na upande wa mawio safu ya milima ya Livingstone imesimama kama mtu aliyekuja kudai kitu. Ukiwa mbali ilipendeza. Ukiwa ndani ilivuja. Anayezijua mvua za Kyela, zile za Machi hadi Mei zinazonyesha kama zimeajiriwa, ataelewa ninaposema kila tundu la paa nililijua na chombo chake: beseni la chumbani, sufuria ya sebuleni, ndoo mbili za koridoni. Ufa wa ukuta wa pembeni ulianza ukipitisha kidole. Baadaye ulipitisha gunzi.

Mume wangu aliitisha kikao. Mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia, wao barazani. Akasema mvua zikikatika tunabomoa, tunajenga upya hapohapo.

"Bomoeni," Mwalimu alisema. "Ila nipeni nafasi niichore kwanza."

"Muda gani, Tata?" wifi akamuuliza baba yake.

"Muda wa kazi."

Watu wakacheka. Tukadhani wiki mbili, au tatu akiugua. Wakapeana mikono: nyumba haitaguswa mpaka picha iishe. Zikapita mvua sita.

Ningependa kusema alikuwa mvivu, ingekuwa rahisi kwangu. Hakuwa. Saa moja asubuhi alishaketi ukingoni mwa mpunga, kwenye kiti cha miguu mitatu, ubao wa plaiwudi umeegemezwa kwenye mkakao, makopo ya rangi yamepangwa miguuni. Rangi zilikuwa mabaki: buluu ya milango ya shule, chungwa la duka la mtu, nyeupe ya kanisa. Na alichora alivyotaka yeye. Migomba ilikuwa ya buluu. Ukuta chungwa. Kivuli cha paa zambarau, kimepakwa kwa unene kama siagi ya karanga kwenye mkate, ukipitisha mkono unakwaruzika. Mpunga ulikuwa vipande vifupi vya njano na kijani vyote vimelalia upande mmoja, mpaka ukiangalia unahisi upepo.

Wifi alidhani ni umaskini wa rangi. Akamletea kutoka mjini makopo mawili ya kijani.

"Haya Tata, mgomba ni kijani tangu Adamu."

"Ndaga, mwanangu," alishukuru. "Hicho ni kijani cha kopo. Mgomba wa saa nne asubuhi ni wa buluu. Kauangalie."

"Nimeuangalia miaka arobaini!"

"Uliukata. Hukuuangalia."

Makopo yale alipakia mlango wa choo.

Asili ya ukorofi huo ilikuwa kitabu. Aliwahi kupewa chuoni kitabu cha michoro cha Ulaya, chenye kurasa zilizoshikana kwa unyevu, na ukurasa mmoja aliuchana akaubandika ukutani kibandani. Wifi alinielezea: nyumba ya shambani, huko Ufaransa ya zamani, imejificha nusu nyuma ya miti, na shamba limetawala picha yote. Ilichorwa na mmoja wa wale waliochoka kuchora vitu vinavyoonekana na kuanza kuchora jinsi vinavyomkaa mtu machoni. Mwalimu aliwaheshimu watu hao kama wengine wanavyowaheshimu wainjilisti. Akiulizwa kwa nini anamaliza wiki nzima kwenye migomba ilhali nyumba ndiyo inayosubiriwa, alijibu: "Nyumba haichorwi. Unachora kilichoizunguka, yenyewe inajitokeza." Jibu zuri sana, kwa mtu ambaye kitanda chake hakilowi.

Mvua ya tatu nilimwambia kuku: "Hivi picha ya nyumba moja ni miaka mingapi? Kwani nyumba yenyewe ilijengwa kwa miaka mingapi?"

Ng'ambo kukajibiwa: "Mkaguzi, nyumba niliijenga kwa miezi minne. Ndiyo maana inavuja."

Nilikaribia kucheka. Nikajizuia, kwa kuwa ndoo za koridoni zilikuwa zimejaa.

Mvua ya tano ukuta wa pembeni ulianguka. Ilikuwa mchana, niko shambani, na kilichofukiwa ni magunia matatu ya mpunga na kitanda ninachojilazia nikirudi. Kama ningerudi nusu saa mapema, wasifu wangu ndio ungeandikwa. Watu wakaja, mume wangu akashika kichwa. Mimi nilijibanza jikoni kwa sababu Mwalimu naye alikuja. Akasimama mbele ya kifusi, makubazi yakasaga vipande vya tofali. Nikasubiri aseme pole. Akasema: "Mkaguzi, upande huo bahati nzuri nilishauchora."

Siku hiyo niliapa. Kama hawezi kuharakishwa kwa maneno, ataharakishwa kwa macho. Mfanyakazi anayeangaliwa hafanyi masihara, ndivyo nilivyoamini. Kazi zangu zote nikazihamishia barazani: kupepeta mchele, kuchambua kakao, kumenya ndizi, hata cherehani nikaitoa nje. Saa mbili asubuhi niko pale, saa kumi na moja jioni niko pale. Kumtazama siruhusiwi, kwa hiyo nilikaa upande upande na kanga kichwani, nikisikiliza. Nilikusudia ajue kwamba kuna mtu anahesabu siku.

Picha ikasimama kabisa. Mwaka mzima. Mume wangu alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Imebaki kidogo." Wapi? "Mbele." Kitu gani mbele? "Kidogo."

Kisha ikaja siku wastaafu walipoitwa Kyela kuhakikiwa kama wako hai. Mwalimu akapanda bodaboda, koti limefungwa vifungo vyote. Wifi akaingia kibandani kufagia. Baada ya muda nikasikia ananiita, sauti yake haieleweki kama analia au anacheka. Mimi kibandani siingii. Nikasimama nje, yeye akawa anazitoa mbao moja baada ya nyingine na kuziegemeza ukutani.

Zilikuwa tisa. Zote nyumba yetu. Katika moja mawingu yamefunika milima, katika nyingine mpunga umeiva, katika nyingine mabati yanang'aa baada ya mvua. Kila kitu kimejaa rangi mpaka pembeni. Ila katikati, kwenye zote tisa, mbele ya nyumba palikuwa patupu. Mbao kavu, hazijaguswa na rangi, kwa umbo la baraza, ila nusu ya mlango kwenye mmoja. Nyumba tisa hazina mdomo.

"Geuza," wifi akasema.

Nyuma ya kila ubao alikuwa amepiga mistari kwa rula, safi, kama daftari la mahudhurio. Akaandika kwa mwandiko wa ubaoni:

Jumatatu, yupo. Jumanne, yupo. Jumatano, yupo, ameleta na cherehani. Alhamisi, mvua, yupo. Ijumaa, yupo. Jumamosi, sokoni, hayupo: nimepata nusu ya mlango, amerudi mapema. Jumapili, kanisani, nami pia.

Nikasoma ubao wa pili, wa tatu. Yupo, yupo, yupo.

"Wifi, aliyepo ni nani?" nikauliza, ingawa jasho lilikuwa limeshanitoka.

Wifi akakaa chini kabisa kwa kicheko. "Ni wewe, mama! Tata hawezi kutazama mahali ulipokaa. Na wewe umekaa katikati ya picha ya watu mwaka mzima!"

"Si angesema?"

"Angemwambia nani?"

"Mbwa! Kila kitu alimwambia mbwa!"

"Na wewe kuku hukumuuliza," wifi akasema, akifuta macho kwa kanga.

Sijui kama nilikuwa na hasira na yeye au na mimi. Niliwaza yale mabeseni. Niliwaza kitanda chini ya kifusi. Watu wawili wazima, wana akili timamu, wanasali kanisa moja, mmoja anakaa ili mwingine amalize, na mwingine hamalizi kwa kuwa yule amekaa. Na hata kabla ya mwaka ule wa kiapo, ni lini sikuwa pale mbele nafagia, naanika, nabeba maji? Miaka yote sita alikuwa akinyakua nyumba yake kidogo kidogo, siku za soko.

Jioni aliporudi, amethibitishwa kuwa hai, nilisimama uwanjani nikamtangazia kuku kama natangazia kijiji: "Kesho naenda Itungi kwa mama. Siku nane! Hakuna mtu atakayekaa barazani. Hakuna!"

Ng'ambo kukajibiwa: "Mkaguzi, kalale. Kesho tuna kazi."

Siku ya tano, nikiwa nasaidia mama kuanika dagaa, mume wangu alipiga simu. "Rudi. Baba kamaliza."

Picha ilikuwa imeegemezwa barazani penyewe. Niliitazama kwa muda mrefu, mume wangu akadhani nimechukia. Nyumba ilikuwa ya chungwa katikati ya buluu, ndogo kuliko nilivyotarajia, mashamba na milima vimeibeba. Kivuli chini ya paa kilikuwa zambarau, na nikageuka kukiangalia kivuli chenyewe, na kweli, saa ile, kilikuwa zambarau. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ile miaka yote nikitazama dari. Kwa nje sikuwa nimewahi kuiona. Mlango upo wazi. Barazani umewekwa ungo, umeinamishwa, mchele umo, na punje chache ziko hewani.

Mtu hayupo. Ungo unajipepeta wenyewe.

Nikamwambia kuku: "Mwaka mzima nimekaa hapo, umechorwa ungo."

Ng'ambo ya migomba mlango wa kibanda ukafungwa.

Mvua zilipokatika tukabomoa. Nyumba mpya ikasimama, ya tofali za saruji, haivuji, ina madirisha ya vioo na haina la kusimulia. Picha ikatundikwa sebuleni. Wageni wakiuliza kwa nini migomba ni ya buluu, mume wangu huwaambia wakaiangalie saa nne asubuhi. Amekuwa kama baba yake.

Namaliza na mara ya mwisho.

Ilikuwa wakati wa mavuno, mwezi mmoja kabla hajalazwa. Mwalimu alikuwa amebeba kile kiti tena, na ubao mpya, ameanza kuchora nyumba mpya. Safari hii aliketi karibu, ukingoni mwa njia tu, maana macho yalikuwa yameanza kumwishia. Mimi nilikuwa nimeshajifunza. Ungo, kakao, cherehani, vyote nikavipeleka nyuma, jikoni. Nikasema atamaliza kwa wiki, na tusirudie upuuzi.

Siku ya tatu nikiwa napepeta nikasikia kikohozi, mara mbili, kwenye kona ya jikoni kabisa. Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikageukia ukuta nikajifunika kanga. Makubazi yakasimama.

Mkaguzi alikuwa amekufa tangu mvua. Mwalimu hakubadilisha utaratibu.

"Mkaguzi," alisema, polepole, akivuta pumzi, "siku tatu nimekaa pale. Nyumba inaonekana kama ofisi ya kata. Mtu wa barazani kaenda wapi?"

Kuku alikuwa miguuni pangu. Nikamwambia: "Mtu wa barazani alikuwa anachelewesha kazi."

"Mkaguzi, nani alisema kuna haraka?"

Sita! nikataka kupiga kelele. Mvua sita! Badala yake nikasema: "Kuku, mtu hachorwi bila kutazamwa. Na watu wengine kutazamana ni marufuku."

Nilisikia akihamisha mguu.

"Mkaguzi," akasema, "mgongo hautazami mtu."

Makubazi yakaburuzwa kurudi. Nilikaa pale kidogo, ungo mapajani, nikijiambia sina wakati wa mambo haya, mchele hauwezi kupepetwa na kuchorwa kwa mara moja, na kwamba ataanza upya tena, na tena, na mimi nitakaa barazani mpaka niote mizizi. Kisha nikachukua ungo, nikazunguka nyumba, nikakaa barazani, uso mlangoni, mgongo njiani.

Nikapepeta. Nyuma yangu, baada ya muda, kisu changu cha ndizi kikaanza kukwangua ubao. Kuku alipanda ngazi akanitazama, akisubiri.

Sikumwambia kitu.